Moja Tuliyoifuta Barazani

Usinicheke, ndugu yangu, lakini mwaka huu karanga zimenitoa machozi pale stesheni ya Kigoma. Nilikuwa nimeshuka kwenye treni, mwili wote unauma, nikanunua karanga za kukaanga kwa mama mmoja, naye akanifungia kwenye karatasi ya daftari la shule. Nikala, zikaisha. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hesabu, na ugonjwa wa walimu hauna dawa, nikaikunjua ile karatasi nione mtoto wa watu kaandika nini.

Kaandika 12x³ + 8x² + 4x, igawanywe kwa 4x. Jibu lake: 3x² + 2x. Basi, kaishia hapo. Mwalimu wake kapiga kosa kubwa kwa wino mwekundu, na hakumwandikia amekosea wapi.

Kama shule uliiacha zamani, ngoja nikukumbushe, si jambo gumu. Hesabu ile ina vipande vitatu, na kila kipande lazima kigawanywe kwa 4x, hakirukwi hata kimoja. Cha kwanza kinatoa 3x². Cha pili kinatoa 2x. Cha tatu ni 4x kwa 4x, nacho kinatoa moja. Kwa hiyo jibu ni 3x² + 2x + 1. Mtoto yule aliona 4x juu na 4x chini, akazikata zote mbili, akadhani hakuna kilichobaki. Simjui mtoto huyo, wala sitamjua. Ila kosa lake nalijua vizuri mno, maana ndilo nililomfundisha dada yangu mwenyewe, barazani kwa bibi yetu kule Ujiji, na dada yangu akatolewa shule.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya tofali mbichi na bati lililoiva kutu, ila baraza lake lilikuwa la saruji, na bibi alilionea fahari kupita kiasi. Lilisuguliwa kila asubuhi mpaka likang'aa. Ukipita njia ile alfajiri ungesikia mifagio, halafu adhana, halafu kinu cha sombe, yale majani ya muhogo, kwa jirani, halafu bibi akiamkia kila apitaye kwa Kiha, "Mwakeye! Mwakeye!", kama vile mtaa mzima ni wageni wake. Mafuta ya mawese yalikuwa yananukia mpaka kwenye sare zetu za shule. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka iliyopikwa kwa mawese, mchuzi mwekundu unashika vidole hadi kesho yake. Leo nikila samaki wa jokofu huko Singida ninakofundisha, natamani kumtupia mpishi sahani.

Mjomba wetu alikuwa mvuvi, na akirudi salama alileta samaki mchanganyiko kwa bibi, bibi awagawe kwa nyumba nne: yetu, ya mke wa mjomba, ya jirani mmoja mjane, na ya mwalimu wa madrasa. Nyungo nne zinapangwa barazani. Bibi kwanza anatenga: migebuka huku, dagaa huku, kuhe huku. Halafu anagawa fungu moja moja, kila aina ipite kwenye kila ungo. Nilipokuwa mdogo nikamwambia, bibi, si umpe huyu migebuka yote na yule dagaa wote, tumalize mapema? Loh! Aliniangalia kama nimetukana. "Yewe mwana! Mgebuka haumlipi mtu dagaa. Kila fungu linagawanywa lenyewe." Na kama kuhe walikuwa wanne tu, ungo wa kwanza mmoja, wa pili mmoja, wa tatu mmoja, wa nne mmoja. Mimi na dada ndio tuliobeba nyungo hizo kuzipeleka kwa wenyewe.

Sasa huyu dada. Alikuwa mtoto wa mama yangu mkubwa, kaletwa kwa bibi kutoka Kasulu ili asome, na alinizidi miaka miwili. Mrefu, mpole, mikono yake ina baraka. Akisuka ukili unanyooka. Akikaanga mihogo haiungui. Akitwanga sombe, mtaa mzima unajua leo kwa bibi fulani kunaliwa. Wanawake wa mtaa walikuwa wanamwita mkwe kwa utani, kila mmoja anamtaka kwa mwanawe. Na mimi? Mimi nilikuwa kimbaumbau, mgomvi, nachoma ugali, navunja vikombe. Kitu kimoja tu nilikuwa nimemzidi dada, nacho ni hesabu, na nilikishika kwa mikono miwili.

Dada alikuwa ameanguka mtihani wa kidato cha pili. Sheria ya siku zile ilikuwa hivi: ukianguka mara ya kwanza unarudia darasa, ukianguka ya pili unakwenda nyumbani, na hakuna wa kumlilia. Ndivyo alivyojikuta darasa moja na mimi, magoti yanagonga dawati, wadogo wanamwita shangazi. Na baba yake alishatuma salamu kutoka Kasulu kwamba mwaka huo ndio wa mwisho, ukimshinda arudi kulima. Alitaka kuwa nesi. Hakulisema sana, ila nilimwona siku moja amesimama nje ya zahanati anamtazama nesi mmoja akianika magauni meupe, na hakutaka kuondoka mpaka nilipomvuta.

Basi kila jioni baada ya kuosha vyombo, tulikuwa tunasoma barazani. Daftari halikutosha kwa mazoezi, kwa hiyo tuliandika kwa mkaa juu ya ile saruji ya bibi. Bibi alikubali kwa sharti moja, tufute kabla watu hawajapita kwenda kuswali magharibi, asije akaaibishwa na masizi. Kwa hiyo pembeni lilikaa tambara bichi, lile lile la kupangusia madumu ya mawese, na tulifuta tunavyokwenda ili tupate nafasi ya kuandika tena. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa ningeapa siku zile kwamba ninafundisha vizuri kuliko mwalimu.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa kijana aliyepangiwa kazi kutoka mkoa wa mbali, Mkristo mwenye sauti ya kwaya, anapenda migebuka kuliko wenyeji. Alifundisha kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, na akiona macho yametutoka anarudi kwenye Kiswahili. Siku ya somo lile akasema, juu na chini vikifanana, kateni. Akachora mkwaju mmoja juu, mkwaju mmoja chini, chap chap, kengele ikalia. Pengine alisema na habari ya moja. Pengine mimi nilikuwa ninajiandaa kutoka. Sikumbuki, na sitamsingizia.

Jioni nikawa mwalimu. Nikaandika ile hesabu ya vipande vitatu kwa mkaa, herufi kubwa, nikashika tambara. Kipande cha kwanza, cha pili, dada akafuata vizuri. Tulipofika 4x juu ya 4x sikuchora mkwaju kama mwalimu. Nilifuta. Nikapitisha tambara mara moja, juu na chini, saruji ikabaki tupu, inang'aa kwa mafuta. "Umeona?" nikamwambia. "Vimekatana, vimekwisha. Hapa huandiki kitu."

Dada akaitazama ile nafasi. Halafu akauliza taratibu, kwa lafudhi yake ya Kasulu, "Mdogo wangu, kuhe wanne kwa nyumba nne, si kila ungo unapata mmoja? Mbona hapa hakuna kitu?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka bibi akachungulia kutoka ndani kuuliza kuna nini. "Dada analeta samaki kwenye hesabu!" nikasema, kwa sauti ya kusikika na jirani. "Hii ni aljebra, dada, hatugawi mboga hapa!" Jirani naye akacheka huko kwake bila kujua anacheka nini. Dada akatabasamu, akaona haya, akachukua mkaa, akaandika kama nilivyomwonyesha: 3x² + 2x. Akarudia hesabu kumi za aina hiyo, na zote akaacha nafasi tupu mwishoni. Nikamsifu. Nikamwambia sasa umeelewa.

Zilipobaki wiki mbili kufika mtihani wa taifa, mwalimu akatupa jaribio dogo. Nikakosa. Mimi! Swali lenyewe ndilo hilo. Nikaenda mezani kwake nimevimba, kumdai haki yangu, maana nilidhani amekosea kusahihisha. Akavuta kiti, akanikalisha. Akaniuliza, "Kitu ukikigawanya kwa chenyewe unapata ngapi? Tano kwa tano?" Nikasema moja. "Kumi kwa kumi?" Moja. "Sasa 4x kwa 4x imekuwaje iwe bure?" Nikahisi masikio yanawaka moto. Akaandika ile moja kwa kalamu yake nyekundu mwishoni mwa jibu langu, akasema, "Ukienda nyumbani mwonyeshe na dada yako, na yeye kaacha hivyo hivyo."

Kumbuka hapo nilikuwa na miaka kumi na mitano, si mtoto mchanga. Nilijua nini kinatakiwa. Nilitembea kutoka shule mpaka nyumbani nikiwa nimeshika karatasi ile mkononi, na kila hatua nilikuwa ninaona itakavyokuwa: dada atasema, kumbe si kila ungo mmoja, kama nilivyokwambia. Bibi atacheka. Jirani atacheka, na safari hii atajua anacheka nini. Watasema huyu mtoto hata hesabu kazidiwa na dadake, sasa anajua nini huyu? Dada alikuwa na kila kitu, na mimi nilikuwa na kitu kimoja. Nikaikunja ile karatasi, nikaichomeka chini ya godoro langu.

Dada aliniuliza, "Mwalimu amesemaje?" Karatasi yake yeye ilikuwa na kosa jekundu bila maelezo, na hakuwa na ujasiri wa kwenda mezani kwa mwalimu, aliogopa wale wadogo wangemzomea. Nikamjibu, "Amesema tuandike vizuri, haisomeki." Hivyo tu. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho yake nikasema Ijumaa. Ijumaa bibi alipika pilau, nikasahau makusudi. Wiki mbili ni siku nyingi sana, ndugu yangu, na kila jioni tulikaa pamoja pale pale barazani, mkaa na tambara kati yetu.

Siku ya mtihani swali lile lilikuwamo, tena mwanzoni kabisa. Niliandika moja yangu mwishoni, nikaiandika kubwa. Dada alikuwa dawati la nyuma, na nilimsikia akikohoa.

Matokeo yalibandikwa ukutani nje ya ofisi. Jina langu lilikuwa juu. La dada lilikuwa kule chini, na pembeni yake lile neno la kuanguka. Sisemi lilikuwa swali lile moja. Alama hatukuwahi kuonyeshwa, na alikosa kwa mengi au kwa machache, hakuna ajuaye mpaka leo. Huo ndio mzigo wenyewe. Kama ningejua alianguka kwa mbali, ningelala. Kama ningejua ni kwa alama chache, ningejua nimefanya nini. Sikupewa hata hilo.

Dada hakulia mbele yetu. Alifua sare yake, akainyoosha, akaikunja, akanipa mimi kwa kuwa yangu ilikuwa imechanika kwapani. Nikaivaa. Nilimaliza nayo kidato cha tatu, na haikunibana popote. Kasulu hakurudi kulima, bibi alimkatalia baba yake, ila shule ndiyo ilikuwa basi. Alikwenda Katonga, ufukoni mwa ziwa, kuanika dagaa, akaolewa huko huko na mwanamume wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, akazaa. Nilipokuwa ninakuja likizo kutoka chuoni alinipokea kwa vigelegele, akiwaambia wenzake, "Huyu ndiye mwenye kichwa kwetu. Mimi Mungu alininyima, kichwa changu kizito." Alisema hivyo akicheka, mwaka hadi mwaka, na mimi nikacheka naye.

Na kila mwaka, huko ninakofundisha, likifika somo lile nawasimamisha watoto wa watu. Nawauliza tano kwa tano ngapi, kumi kwa kumi ngapi. Nawaandikia ile moja ubaoni, naizungushia duara, nawaambia asitoke mtu humu bila kuielewa. Wananiita mwalimu wa moja. Wallahi nimewaambia watoto wa makabila yote ya nchi hii, isipokuwa mtu mmoja niliyekuwa na deni la kumwambia.

Kwa hiyo mwaka huu, na ile karatasi ya karanga mkononi, nikasema leo liwalo na liwe. Nikapitia Ujiji kwanza. Bibi tulishamzika zamani, na nyumba wajomba waliiuza. Sasa pale kuna fremu mbili za duka, moja ya vifaa vya simu na moja ya nguo za mitumba, na baraza limevunjwa kupisha mtaro. Nikamuuliza kijana wa simu kama anajua pale palikuwa pa nani. Akasema yeye kapanga tu. Njia nzima haikuwa na harufu ya mawese. Niliamkia mtu mmoja, "Mwakeye," akaniitikia "Poa" akiwa anaangalia simu yake.

Nikashuka Katonga. Ziwa lilikuwa limefungwa, siku hizi linafungwa kwa miezi samaki wapate kuzaliana, na chanja za kuanikia zilikuwa tupu kwa urefu wote wa ufuko, wavu umelegea, mbuzi wamelala chini yake. Hata likiwa wazi, dada ananiambia, si kama zamani. Kuhe wanaonekana kwa nadra, na migebuka imekuwa midogo mpaka unaona aibu kuipima. Maji nayo yamepanda, yamemeza sehemu waliyokuwa wanaanikia mwanzo. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua maharage ya Kasulu kwenye ungo. Amenenepa kidogo, meno mawili ya mbele hana.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu! Karibu, karibu kichwa chetu!"

Nilikaa kwenye kigoda. Tuliulizana habari za watoto, za wagonjwa, za waliokufa. Halafu nikasema, kwa sababu nilijua nikingoja chakula sitasema tena, "Dada, unaikumbuka ile hesabu ya barazani? Nne juu, nne chini?"

"Naisahauje?" akasema. "Si ndiyo ilikuja ya kwanza kwenye mtihani? Nilikuwa nimeshaandika moja. Unajua mimi na samaki wangu. Halafu nikakumbuka ulivyocheka, nikasema huyu ndiye mwenye akili, nikaifuta."

Alikuwa anacheka. Vidole vyake vinaendelea kutoa vijiwe kwenye maharage.

"Dada," nikasema, "ilikuwa moja. Jibu lilikuwa moja. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi."

Vidole vikasimama. Hakuniangalia mimi, aliangalia maharage. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, "Kumbe mimi nilikuwa na akili?"

"Ulikuwa nayo, dada."

"Kumbe nilikuwa nayo," akarudia. Akapitisha kiganja juu ya maharage, akayasawazisha. "Na wewe ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema chuoni, ningesema mwaka jana, naye angeamini, maana ameniamini siku zote.

"Wiki mbili kabla ya mtihani," nikasema. "Mwalimu aliniambia nikwambie."

Hakulia, hakupiga kelele. Nilijiandaa kwa matusi, na matusi yangenisaidia. Alitoa kijiwe kingine kwenye ungo, akakitupa kule kwenye mchanga, akageuka kumwita binti yake wa mwisho aliyekuwa ndani, aliyeacha shule mwaka jana baada ya mama kuamua kwamba kichwa hicho kizito amekirithi kwake.

"Mama," akamwambia binti, "mletee mgeni maji anawe, chakula kiko tayari."

Binti akaja na jagi na beseni. Nikanyoosha mikono.